Vibuyu Vilisingiziwa Bure

Mtu wa kwanza kupatikana na bangi mwilini katika laini yetu alikuwa mzee wa kanisa, mwanamume ambaye hata kahawa anaiona ni ukorofi. Alikuwa dereva wangu. Mimi nilikuwa kondakta wake, na nikisema "wangu" sitanii. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu mpaka akishusha bega la kushoto najua anataka nifunge mlango, na mimi nikinyamaza anajua kuna abiria ameniudhi. Siku waliyomtoa kwenye usukani wakamwambia akae nyumbani asubiri uamuzi, nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Wacha nieleze kazi yenyewe kwanza, kwa sababu mtu asiyejua huku kwetu atauliza, si mngefungua tu dirisha?

Laini yetu ni Bomet kwenda Mulot na kurudi. Mulot siku ya soko ni jua, ng'ombe na vumbi. Ukigeuza gari kurudi upande wa chai, mvua ya alasiri inakupokea njiani na baridi inaingia mpaka kwa mifupa. Chai inaipenda hiyo baridi. Watu hawaipendi. Abiria wa huku haamini kwamba upepo wa baridi ni hewa. Kwake ni nimonia inayotafuta mtu wa kuingia. Fungua dirisha kidogo tu uone. Atasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akuulize kama umetumwa kumuulia mtoto, na gari lote litakuwa upande wake. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kiptere, nimelelewa katika nyumba ambayo mama yangu alikuwa akiziba mwanya wa mlango kwa gunia. Kwa hivyo sikuona ajabu. Nilikuwa nikifunga madirisha kabla sijaambiwa.

Sasa siku ya soko, wale vijana wanaoswaga ng'ombe kwa miguu mpaka Mulot walikuwa wakirudi na sisi. Walikuwa wanapenda kiti cha nyuma kabisa. Wanajifunika makoti ya mvua mpaka kichwani, wanainama kama watu wanaoomba, na chini ya makoti hayo ndipo walikuwa wakivuta. Mbele yao walikaa akina mama wa upande wa Merigi na vibuyu vyao vya mursik. Asiyejua mursik, ni maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu, na kibuyu chenyewe husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalum mpaka kishike harufu ya moshi. Harufu hiyo kwetu ni harufu ya nyumbani. Mtoto akizaliwa anaikuta.

Kwa hivyo gari lilipoanza kunuka moshi, mimi na mzee tulijua ni nini. Ni vibuyu. Yeye hajawahi kukaribia bangi maishani, mimi baba yangu alikuwa mkali kiasi kwamba hata sigara niliiona kwa mbali. Nilikuwa nikivuta pumzi ndefu nikisema, leo akina mama wamesugua vizuri.

Lakini mwili hausemi uongo. Tukifika Bomet kichwa kinaniuma, mdomo umekauka, macho mekundu. Njaa nayo, wacha tu. Nilikuwa nikishuka naingia hoteli ya karibu na steji, nakula chapati mpaka mwenye hoteli ananiuliza kama niko salama. Mzee naye alianza kucheka. Huyu ni mtu ambaye kwenye harusi ya binti yake mwenyewe alitabasamu mara moja akaona imetosha. Siku moja alimwona mbuzi amesimama juu ya mwamba kando ya barabara, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akawa bado anamtaja yule mbuzi tukishusha abiria. "Alikuwa anatuangalia," alikuwa akisema. "Mtoto wa Kiptere, ulimwona alivyokuwa anatuangalia?" Nikacheka naye. Usiku huo sikulala vizuri, nikawaza, huyu mtu ndiye anayeshika usukani na roho za watu ziko nyuma yake.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa kuosha magari. Aliingia kufagia, akatoka anatabasamu, akaniuliza, "Siste, nani anawapikia kitu kali namna hii humu ndani?" Nikamwambia ni mursik. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Alipomaliza akaniambia polepole, kama anavyoambiwa mgonjwa, kwamba hiyo ni bangi na imeingia hata kwenye vitambaa vya viti.

Nilienda kwa maneja siku hiyo hiyo. Maneja wetu ni mtu wa hapa hapa, amekua kwa mursik kama mimi, na ana ile tabia ya kusikiliza akiangalia simu. Nikamwambia vijana wa nyuma wanavuta, madirisha yamefungwa, na sisi tunaofanya kazi humo tunavuta pamoja nao bila kuomba. Akaniambia, "Mama, hivyo ni vibuyu." Nikasema si vibuyu. Akasema anajua harufu ya kibuyu, amezaliwa nayo. Akaona ametatua shida: akapiga marufuku vibuyu katika magari yote ya laini yetu.

Hiyo sasa ndiyo iliyoniingiza vitani. Siku ya soko iliyofuata nilisimama mlangoni nikiwaambia akina mama wenye umri wa mama yangu kwamba vibuyu haviruhusiwi. Mmoja wao, kogo mmoja mfupi ambaye tulizoeana sana, aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. Kogo ni jina tunalowapa nyanya zetu, na ukimwita mtu kogo umeshakubali akugombeze. "Kibuyu changu kimemlewesha nani?" akaniuliza. Alipanda akiwa mikono mitupu, akakaa mahali pake, na vijana wakakaa mahali pao. Kabla hatujafika mbali moshi ukatanda kama kawaida. Kogo akageuza shingo, akanusa, akaniangalia, akageukia mbele. Alinisubiri mlangoni wakati wa kushuka. "Sasa vibuyu viko wapi?" akasema, akaenda zake.

Niliwaendea vijana wenyewe. Niliwaambia wazime, nikawaambia mimi nafanya kazi humu kila siku, wao wanashuka na mimi nabaki. Waliniambia nitulie. Mmoja akanipulizia moshi usoni, si kwa ubaya, kwa mchezo tu, na wenzake wakacheka. Nilimnyang'anya nikakanyaga. Akawasha nyingine. Mzee alisimamisha gari, akageuka kuwaangalia kwa upole wake ule wa kanisani, na abiria wakaanza kulalamika kwamba tunawachelewesha kwenye mvua. Tukaendelea na safari.

Wakati huo huo dereva mmoja wa laini yetu aliacha barabara akaingia ndani ya shamba la chai, gari likalala kati ya mistari ya majani. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa, lakini wenye magari waliogopa. Wakaamua madereva wote wapimwe. Makondakta hawakutajwa. Ikapangwa kila dereva apitie kliniki moja hapo mjini akishusha abiria. Zamu ya mzee ikaangukia siku ya soko, alasiri, moja kwa moja kutoka Mulot.

Nilimsindikiza. Alikuwa ametulia kabisa, hata alikuwa anamtania daktari kwamba atakuta chai tupu. Akaingia chooni na kikopo cha mkojo, akatoka, na yule daktari, kijana mpole wa sauti ya chini, akachovya kile kipimo. Tukangoja. Kilipokauka nikachungulia nikaona mstari mmoja. Mimi kipimo ninachokijua ni kile cha mimba, na mstari mmoja hapo maana yake hakuna kitu. Nikampiga mzee bega nikamwambia, "Si nilikuambia? Uko safi." Daktari akatueleza kwamba hiki kinasoma kinyume. Miwili ndiyo safi. Mmoja maana yake imepatikana.

Mzee hakubisha. Laiti angebisha. Alikaa tu akiangalia mikono yake juu ya magoti.

Mji wetu si mkubwa. Kabla ya jioni habari zilikuwa zimemtangulia nyumbani. Wenye magari wakasema atoke barabarani mpaka waamue, na kila mtu alijua wataamua nini. Dereva wa abiria akishatolewa kwa sababu ya bangi, hakuna laini itakayomchukua tena. Jumapili, wazee wenzake walimwomba kwa heshima akae na waumini wengine kwa muda, si pale mbele. Akaenda kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mke wake, ambaye anaongoza kikundi cha akina mama hapo kanisani, alimhamishia matandiko sebuleni. Hakumgombeza. Alikuwa akimwekea chakula, anafunika, anaondoka. Hayo aliniambia mzee mwenyewe nilipoenda kumwona, tukiwa tumesimama kando ya ng'ombe wake, na akaongeza kitu kilichonichoma.

"Mtoto wa Kiptere," akasema, "labda nilivuta bila kujua."

Nikataka kumwambia aache upuzi, mtu anavutaje bila kujua? Kabla sijafungua mdomo nikajua jibu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alivuta bila kujua, na mimi pia, na huko kutojua kwetu hakukuzuia moshi kuingia.

Nilitoka hapo nikarudi kwa yule daktari. Nikamuuliza kama mtu anaweza kupatikana kwa moshi wa mwingine. Alisema si jambo la kila siku. Moshi mdogo mahali penye hewa hauwezi. Lakini gari likiwa limefungwa, wavutaji wakiwa wengi, safari ikiwa ndefu, na mtu akipimwa papo hapo, inaweza kutokea. "Hiki kipimo hakisemi mtu amevuta," akasema. "Kinasema tu kitu kimeingia mwilini. Kimeingiaje, hiyo ni kazi ya watu kuuliza." Nikamuuliza kama anaweza kuja kusema hayo mbele ya wenye magari. Alisema anaweza, lakini watamwambia ni maneno.

Basi nikaamua kuwapa kitu kisicho maneno. Nilimfuata maneja ofisini, na safari hii nilifunga mlango. Nikamwambia siku ya soko ijayo apande gari langu kutoka Mulot, avae kama mkulima, akae nyuma na mimi. Tukifika Bomet twende kliniki, tupimwe wote wawili. Mimi sijawahi kuvuta, yeye anasema hajawahi. Kama ni vibuyu, vibuyu havimo, na sisi tutatoka safi, na mimi mwenyewe nitasaini kwamba mzee afukuzwe.

Aliweka simu chini. "Na ukipatikana?" akauliza.

"Nifukuze na mimi. Halafu ujifukuze."

Nisijifanye kwamba sikuogopa. Nina watoto, na kazi nyingine huku ni kuchuma chai, ambayo mashine zinaichukua. Kama ningetoka safi, nimemzika mzee kwa mikono yangu. Kama ningepatikana, wangeweza kusema basi wote wawili ni walevi, gari zima ni la walevi. Lakini nilikuwa nimeujua huo moshi kwa kichwa changu na macho yangu. Sikuwa na wasiwasi juu ya ukweli. Wasiwasi ulikuwa juu ya maneja, kama atakuwa mwanamume wa kutosha kuukubali.

Alikuja. Gambuti miguuni, koti la mvua, kofia ya sufu. Hata mimi nilimpita mara ya kwanza. Tulikuwa na dereva wa muda, nikamwambia asifunge dirisha lake hata wakimtukana. Mama mmoja alikuja na mtoto mchanga nikakataa kumpakia, nikampeleka gari lililo mbele. Aliniona mtu mbaya na sikumweleza. Maneja akakaa katikati ya vijana, mimi nikakaa kiti kinachofuata. Mvua ilitukuta njiani, madirisha ya abiria yakafungwa, makoti yakapanda vichwani. Mwanzoni maneja alikuwa mnyoofu kama askari. Baadaye akaanza kupangusa macho. Baadaye zaidi akaniuliza kama mbele kuna mahali panauzwa mahindi ya kuchoma. Tulipokaribia Bomet nilimsikia akicheka peke yake, na nilipogeuka akasema, "Hizi ng'ombe za Mulot zina masikio makubwa sana."

Kliniki niliingia mimi kwanza. Daktari alichovya, tukangoja, na ule mstari wa pili, wa usafi, haukutokea. Nilikaa nikiuangalia ule mmoja. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa uchafu ndani ya mwili wangu.

Nikatoka nikamwambia maneja ni zamu yake. Alikuwa amesimama mlangoni na mahindi mkononi. Akaangalia kikopo, akaniangalia mimi, akasema amekumbuka ana mtu wa kumwona kule upande wa posta. Nikamwambia atamwona kesho. Akasema hapana, ni wa haraka. Akaondoka na gambuti zake, akitembea kwa uangalifu mwingi kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Hakupimwa mpaka leo. Haikuhitajika. Kwenye mkutano wa wenye magari daktari alieleza yale aliyonieleza, mimi nikasema nimepatikana, na mmoja wa wenye magari akamuuliza maneja na yeye alipatikana na nini. Maneja aliangalia meza. Kisha akasema, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu tena, "Mrudisheni mzee barabarani. Mimi sikupimwa kwa sababu nilijua." Wenye magari wakakubaliana kwamba madirisha ya nyuma yawe wazi mvua ikinyesha isinyeshe, kwamba dereva akinusa moshi asimame na anayevuta ashuke bila mjadala, na kwamba mfanyakazi akipatikana asihukumiwe kwa ukanda mmoja wa karatasi bila kuulizwa alikuwa amebeba nani. Vibuyu vikaruhusiwa. Vijana wa ng'ombe walinuna kidogo, lakini walipoachwa kwenye mvua mara mbili wakashika adabu.

Nilidhani yameisha. Lakini mzee alinipigia simu akaniomba niende kwake kabla hajarudi kazini. Barua ya wenye magari ya kumsafisha alikuwa nayo, wazee wa kanisa walikuwa wameisoma, lakini mke wake hakuwa ameigusa. Alitaka amsikie mtu aliyekuwa humo ndani. Nilienda mchana, mke wake akanipokea, akanimiminia chai, akaketi mbele yangu mikono ikiwa juu ya aproni. Mzee aliketi kando kama mwanafunzi. Nikaeleza yote, makoti, madirisha, kikopo changu mwenyewe, maneja na mahindi yake. Nilipofika kwa maneja nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo," akasema, "muda huu wote mmekuwa mkimeza huo moshi."

"Ndiyo, mama."

"Wewe na yeye."

"Ndiyo."

"Na nani amewaangalia kifua?"

Wenye magari walituuliza kama tumevuta. Kanisa liliuliza kama tumetenda dhambi. Mimi mwenyewe, na vita vyangu vyote, nilikuwa nimepigania jina la mzee peke yake, na nilipojiona kwenye kile kipimo nilifurahi kwamba nimethibitisha. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kama tunaumwa. Sijui kilichonipata, mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini nililia pale pale mezani.

Mama yule hakunibembeleza. Alisimama, akaenda nyuma ya kiti cha mume wake, akaweka kiganja chake mgongoni mwake chini ya shingo, akamwambia avute pumzi. Mzee akavuta. Akamwambia tena, polepole zaidi, na akainama kusikiliza, huku mzee amefumba macho. Kisha akaniambia mimi nimpigie maneja simu saa hiyo hiyo, nimwambie kesho hakuna kazi, kesho anatupeleka hospitali ya Kericho tupimwe mapafu, na asipokuja na gari, yeye mama mwenyewe atamfuata ofisini na kundi lake lote la akina mama.

Nikapangusa uso nikampigia.